Upindo

Bampa lilikuja kutoka Sharjah ndani ya katoni
refu kuliko kochi letu,
Muhenna akalifungua kwa kisu cha kukatia halwa.
Jeusi, jepesi, bado lanuka kiwanda,
na mbele, pale pa kupitishia upepo,
uwazi mtupu: mdomo usio na meno.
"Wavu hauuzwi nayo?" nikamuuliza.
"Hauuzwi nalo," akanisahihisha ngeli,
yeye ambaye Kiswahili chake nusu ni cha mama
na nusu kaokota kwenye simu za bibi wa Wete.

Agosti, Al-Khoudh. Saa nne za usiku
na ukuta wa uani ungali na joto la tanuri.
Gari liko juu ya jeki mbili, limevuliwa uso,
rejeta iko nje kama mbavu za ng'ombe wa Idi.
Rejeta mpya hiyo. Ile ya kwanza
ilitobolewa na kijiwe, njia ya Sur,
kijiwe kisichozidi punje ya mbaazi:
riali mia na arubaini,
na saa tatu juani kusubiri gari la kuvuta.

Wavu kanunua Sanaiya ya Mabela
kwa Shaji, mtu wa Kerala, auzaye kwa futi
na kukunja kama mkeka.
Muhenna akatandika karatasi, akachora uwazi,
akakata juu ya mstari hasa,
ulimi nje, kama mtoto anayemwogopa mwalimu.
Akaupachika.
Ukapita.
Ukaanguka ndani, ukalia sakafuni
ting.

Akalaani kwa Kiarabu, maana Kiswahili chetu
ni cha nyumbani, na mama yuko dirishani.

Mimi nimekaa juu ya ndoo, nashika taa.
Mchana nashona dishdasha, duka la Al-Hail,
miaka kumi na moja; najua
kitu chembamba kinavyomdanganya mtu.
"Umesahau upindo."
"Umesahau nini?"
"Upindo. Nguo haikatwi kwenye mwili, Muhenna.
Hukatwa nje ya mwili, vidole viwili, kisha ndiyo ukunje."
Akanitazama kama mtu aliyetajiwa bei.

Cha pili tukakikata pamoja.
Ncha za wavu zikamla vidole, mimi zikaniacha,
sindano zilishanila zamani zikakinai.
Nikamwambia na hili: tazama macho.
Kulia yamelala, kushoto umeyasimamisha.
Mteja wa hivyo harudi.
Akageuza. Hakusema ahsante, aligeuza tu.
Kingo tukazikunja kwa koleo,
kwenye kona, ambako koleo haliingii,
tukakandamiza kwa mgongo wa kijiko cha wali
(mama, kijiko kile ndicho hiki, nisamehe),
kisha gundi ya kuchanganya, na vibano vyote vya nguo
nilivyovua kambani, vya buluu na waridi,
gari likawa kama bibi harusi wa sokoni.

"Hilo kung'uto," sauti ikatoka dirishani,
"mnamchujia nani tui?"

Tulicheka mpaka taa ikaniponyoka.

Asubuhi rangi nyeusi, isiyong'aa, mikono mitatu.
Alhamisi tukaenda Sur na kurudi,
yeye akiendesha kimya, sikio kwenye bampa,
mimi nikila chipsi za Oman na kumwaga makusudi.
Usiku uani akapiga magoti na simu, akahesabu:
nzige wawili, bawa la kitu,
uzi wa gunia la saruji,
na kijiwe. Kimoja. Kimekwama
ndani ya jicho la wavu, barabara,
kisitoke wala kisiingie.

Akachukua bisibisi.
Nikamshika mkono.

Kipo mpaka leo, kushoto, karibu na upindo,
kimekaa kama kifungo.
Akiosha gari hukizungushia kitambaa
polepole, akidhani simuoni.